Tabaka la juu la udongo nalo ni historia

Kwamba kuchimba kiakiolojia mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba ya karne ya 19 ni kupoteza fedha kwa sababu nyaraka zipo? Nyaraka hizo ziliandikwa na mabalozi na wafanyabiashara. Mtumwa aliyechuma karafuu kaacha sakafu ya kibanda, vigae vya vyombo na shanga. Kuvipa umri kunawezekana, ila si kwa radiokaboni (kipimo cha umri kinachotumia kaboni iliyomo kwenye mabaki ya viumbe), maana kwa vitu vya baada ya takriban 1650 majibu yake hutawanyika mno. Geuza kitako cha sahani: muhuri wa Petrus Regout, kiwanda cha vyombo cha Maastricht, Uholanzi, haurudi nyuma ya miaka ya 1830. Chupa ambayo mshono wake (mstari ulioachwa na kalibu) umepita hadi juu ya mdomo ni ya mashine, yaani kwa kawaida baada ya 1903. Tahadhari: sahani nzuri hurithiwa, kwa hiyo muhuri unakuambia “si kabla ya”, basi. Kosa kubwa ni kufyeka sentimita 20 za juu za udongo kama takataka ili kuwahi “ya kale”, au kutumia chekeche lenye matundu ya milimita 5, shanga ndogo zote zikapita (la milimita 2 linachosha, lakini ndilo). Je, kuna anayejua makumbusho yanayotunza vigae vya tabaka hilo, au vyote huishia jalalani?