Ute wa topeni si uchafu
Kuna makala nimesoma inadai eti tope la ufukweni linashikwa na mizizi tu, pasipo na miti mawimbi yanabeba kila kitu, hapo mwandishi simkubalii hata kidogo. Nenda maji yakiwa yamekupwa uangalie tope tupu, utaona utando wa kahawia unaong'aa na kuteleza, hizo ni daiatomu (mwani wadogo mno wa seli moja) na bakteria zinatoa ute wa sukari unaogandisha chembe moja na nyingine mpaka maji yanapata kazi kuzing'oa. Mi niliwahi kukwangua kipande kwa kijiko, kesho yake palipokwanguliwa pamechimbika, pembeni pako vilevile! Ila konokono wakiutafuna huo utando nguvu inapungua, na jua likiwaka vipovu vya oksijeni vinaubandua kama ganda. Nani mwingine ashaona hivyo vipande vinaelea?