Ringi kunyooka haitoshi, sikiliza spoki

Jamani hili nalisema kila nikipata nafasi, kunyoosha ringi ya baiskeli mpaka isiguse breki siyo mwisho wa kazi. Hiyo ni nusu, tena ile nusu rahisi. Unaweza kukuta ringi inazunguka imenyooka kabisa huku spoki moja imekazwa kupita kiasi na jirani yake imelegea, kwa macho huoni kitu, ila ukibeba mzigo siku mbili tatu zinaanza kukatika moja moja, hasa pale kwenye kona zinapoingia kwenye habu, yaani kile kitovu cha gurudumu. Halafu mtu anasema spoki feki. Wapi! Spoki ikilegea, kila mzunguko inakaza inaachia, inakaza inaachia, chuma kinachoka.

Ndo maana mimi nashauri anza kwa kusuka ringi nzima, habu tupu na spoki zako 36, kunyoosha kutakuja kwenyewe. Ukisuka kwa mkono wako utaelewa kwa nini spoki zinapishana: zile zinazotoka kwenye habu kwa mshazari ndo zinapeleka nguvu ya pedeli hadi kwenye ringi, mtindo ambao mvumbuzi James Starley aliupatia hataza Uingereza mwaka 1874 na mpaka leo bado tunausuka. Utaelewa pia kwa nini gurudumu la nyuma lenye gia nyingi linakaza zaidi upande wa cheni, ukilazimisha pande zote zilingane ringi inahama katikati.

Sasa kwenye kukaza nati za spoki usiwe na papara. Robo mzunguko, angalia, robo tena. Spoki nyembamba huwa inajipinda pamoja na nati yake kwahiyo pitisha kidogo halafu rudisha. Gonga kwa kidole usikilize mlio, linganisha spoki za upande mmoja tu, inayotoa sauti nzito imelegea. Ukimaliza kamata spoki mbili mbili zinazoelekea sambamba uziminye kwa nguvu ringi nzima, hapa wengi wanaruka na inaniuma sana maana ndo zinakaa sawasawa kwenye matundu yake, kisha nyoosha tena.

Stendi ya kunyooshea ringi siyo lazima, fremu iliyopinduliwa inatosha kujifunzia. Ila spana ya spoki iwe ya saizi yake kamili, ikicheza tu inakula kona za nati na hapo hukazi wala hulegezi tena.