Nilikataa Kuchakachua

Mimi ni mtu wa Njombe, na mtu wa Njombe humtishi kwa baridi. Kwetu mwezi wa saba majani ya viazi yanaamka na barafu juu, na sisi tunaamka na masweta yetu tunaenda shamba. Kwa hiyo nilipopata kibarua kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kule Minnesota, na mzee mwenye shamba akaanza kunihubiria habari za baridi mwezi wa kumi na moja, nilikuwa naitikia kwa adabu huku moyoni nacheka.

Akanipeleka nyuma ya banda kwenye matanki mawili. "Hili dizeli namba mbili, hili namba moja. Toa ile ya kiangazi iliyobaki kwenye trekta, kisha uweke hizi nusu kwa nusu." Nikafungua mfuniko wa namba moja, nikanusa. Nikarudi nyuma hatua moja. Mafuta ya taa!

Watanzania mnanielewa. Uchakachuaji, yaani kuiba kwa kuchanganya mafuta, ulipopamba moto, hadi EWURA, wadhibiti wa nishati, wakaanza kutia vinasaba, alama za kuwanasa wachakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010, mjomba wangu wa Makambako alishaua injini ya lori kwa dizeli iliyotiwa mafuta ya taa. Nimekulia kwenye nyumba ambayo wachakachuaji walitajwa katika sala ya jioni, upande wa maadui. Nikasema moyoni, mzee huyu anabana matumizi, lakini trekta lake sitaliua mimi. Dizeli ya kiangazi nikaiacha humo humo. Aliponiuliza, nikajibu, "Tayari, mzee."

Januari, saa kumi na moja alfajiri, nyuzi 29 chini ya sifuri. Baridi ile ukivuta pumzi nywele za puani zinashikana. Trekta lina hita ya injini, na nilikuwa nimelichomeka kwenye umeme usiku kucha, likawaka mara moja. Nikajipongeza. Likafika katikati ya geti, likakohoa mara mbili, likazima. Nyuma yangu lori la maziwa limewasha taa linataka kuingia. Mbele, ng'ombe wananitazama kama waalikwa wa harusi ambao pilau limechelewa.

Kumbe hita inapasha maji ya injini tu, habari za tanki haizijui. Dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta inajitenga, inaganda, inaziba filta. Na ile yangu ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi, maana Minnesota miezi ya joto huchanganya dizeli na biodizeli, inayotengenezwa zaidi kwa mafuta ya soya, hadi asilimia 20; wakati wa baridi hushusha hadi 5. Mafuta ya soya kwenye baridi ile, mpishi yeyote angeniambia mwisho wake.

Nikakimbilia dawa ya kuzuia dizeli isigande, nikamimina chupa nzima. Hiyo dawa hutiwa kabla. Nilikuwa nampa chandarua mtu ambaye tayari ana malaria. Nikaleta birika la maji ya moto, nikaimwagia filta. Mvuke ukapanda kama wa sufuria ya makande, na kabla sijamaliza kutabasamu maji yakawa barafu. Sasa nilikuwa na trekta bovu lililovaa kioo.

Mwenzangu anayekamua, mtu wa Bukavu kule Kongo, ambako dizeli huitwa mazutu, akachungulia. "Ndugu yangu, mazutu imelala!" Akaurudisha mlango taratibu, kama wa chumba cha mgonjwa.

Mzee alikuja, hakusema kitu. Tukalivuta kwa mnyororo hadi gereji yenye joto. Akafungua filta, akaiinamisha juu ya beseni, na hakikumiminika kitu. Baada ya kuigongagonga likadondoka bonge laini kama uji wa juzi, la rangi ya waridi kwa sababu ya ile rangi nyekundu wanayotia dizeli ya shambani isiyolipiwa kodi ya barabara. Akatia kidole, akanusa.

"Namba moja iko wapi?"

Nikaungama yote kwa Kiingereza changu cha kuchechemea: mjomba, lori, EWURA, vinasaba, sala ya jioni. Mzee akasikiliza, filta mkononi.

"Kwa hiyo uliniona mwizi?"

"Mwizi mdogo tu, mzee."

Alicheka hadi akashika tairi. Kisha akaniambia kwamba namba moja haigandi upesi kwenye baridi, na ndiyo ghali kuliko namba mbili. Hapo nikatamani beseni lile linifunike.

Tukaweka filta mpya, tukajaza mchanganyiko, nikapiga pampu ya mkono kutoa hewa mpaka bega likafa ganzi. Likawaka saa sita mchana. Maneno ya dereva wa lori la maziwa sitayaandika hapa.

Jumapili nikampigia mjomba. "Mjomba, huku nachakachua kila wiki, nusu kwa nusu, na mwenye mafuta amesimama pembeni ananiangalia."

Kimya. Kisha akashusha sauti.

"Na vinasaba je?"