Wajapani na mahakama: mila au mlango mwembamba?

Miaka ya 1960, Kawashima Takeyoshi, msomi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Tokyo, alieleza kwa nini Wajapani hushtakiana kwa nadra: wamelelewa kumwona mdai kama mvunja amani, hivyo ugomvi humalizwa kwa suluhu. Wengi wameichukua hoja hiyo kama maelezo ya tabia ya taifa zima, ingawa mwenyewe alitarajia hali ibadilike.

Mwaka 1978 Mmarekani John Haley aliipinga kwa takwimu. Ukilinganisha na idadi ya watu, kesi zilikuwa nyingi zaidi kabla ya Vita Kuu ya Pili kuliko baada yake. Ingekuwa mila, mababu ndio wangeikwepa mahakama kuliko wajukuu. Kizuizi, alisema, ni uhaba wa mahakimu na mawakili. Kwa miongo kadhaa mtihani wa kuingia katika taaluma ulipitisha watu wapatao 500 tu kwa mwaka.

Ushahidi mzito wa upande huu ulikuja baadaye. Mwaka 1993 ada ya mwanahisa kuwashtaki wakurugenzi kwa niaba ya kampuni iliwekwa yen 8,200, iwe anadai kiasi gani. Kesi zilizokuwa zikihesabika kwa vidole zikafumuka, na sidhani kama mila ilibadilika mwaka huo.

Lakini Haley naye ana deni. Tangu mageuzi ya miaka ya 2000 mawakili wameongezeka zaidi ya maradufu, wakapita 40,000. Kesi za madai zilipanda kwa muda, hasa za wakopaji waliotaka kurudishiwa riba waliyotozwa kupita kiasi, kisha zikashuka.

Kwangu mimi, kisa cha Minamata, mji wa Japani ambako kiwanda kilitiririsha zebaki baharini, kinawasumbua wote wawili. Mwaka 1959 kampuni ya Chisso iliwapa waathirika wa sumu ya zebaki "pesa za pole", nao wakaahidi kutodai zaidi hata ikithibitika kwamba kiwanda ndicho chanzo. Baadhi walipofungua kesi mwaka 1969, walitengwa na majirani. Kawashima angesema ndiyo ile amani ya kijiji. Haley angetaja uhaba wa mawakili. Mimi naona mji uliokula mshahara wa Chisso na kuogopa kuukosa. Mwaka 1973 mahakama ya Kumamoto iliibatilisha ahadi ile: kampuni ilikuwa imetumia vibaya ufukara na kutojua kwa waathirika. Suluhu ya namna hiyo haiwezi kuhesabiwa kama upendo wa amani.