Inataka Kufutwa Vumbi Tu

Hakuna maneno ya kuogopwa kama yale ya muuza vitu vya kale pale Darajani, Unguja: "Nzima hii shekhe, inataka kufutwa vumbi tu." Redio yenyewe ya miaka ya 1950, ya taa za kioo, yaani vali za kabla ya transista, ukiifungua mende wanakuangalia wewe kama ndiye mgeni. Vumbi! Vumbi ndilo lililokula waya?

Haya, unataka kuifanya amplifaya ya gitaa. Fikra si mbaya, maana nusu ya redio ni amplifaya tayari. Lakini kabla hujatoa hata shilingi, soma herufi za taa. Zikianza na U, kama UL41, UCL82, UY85, mrudishie mwenyewe na salamu umpe. Redio kama hiyo kwa kawaida haina transfoma ya umeme inayoitenga na ukuta, umeme unafika hadi kwenye chasisi, yaani lile bati la ndani lililobeba taa. Ukichomeka gitaa humo, si wewe utakayepiga nyuzi, nyuzi ndizo zitakazokupiga. Zikianza na E, yaani ECC85, ECH81, EF89, EABC80, EL84, hapo kaa kitako tuzungumze. Na hata hizo, chomoa plagi upime kwa mita: kati ya pini za plagi na chasisi pasiwe na njia ya umeme.

Hapo atatokea fundi wa baraza, maana hawakosi, akwambie: "We chomeka gitaa kwenye tundu la gramafoni huko nyuma, basi." Itasikika, ndiyo, kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Gramafoni inatoa sauti ya kutosha, gitaa inanong'ona. Inataka taa moja zaidi mbele. Toa ECC85, ECH81 na EF89, kazi yao ni kukamata stesheni. Zote tatu zinakula karibu ampea 0.9 za kuwashia taa, na ECC83 utakayoiweka inataka 0.3 tu. Transfoma itakushukuru.

Tundu la EF89 livue waya zake zote ulisuke upya kwa ajili ya ECC83. Unganisha pini 4 na 5 ziwe waya mmoja wa kuwashia, wa pili uende 9. Kutoka kwenye jeki ya gitaa weka rezista ya mega-omu 1 hadi chasisi, na nyengine ya kilo-omu 68 hadi pini 2. Hiyo ya 68 iegemee pini kabisa. Usipoiweka, redio uliyoiua itarudi kukuimbia taarabu katikati ya wimbo wako. Pini 3 ishuke kwenye chasisi kwa kilo-omu 1.5, ubavuni mwake kapasita ya mikrofaradi 25. Pini 1 ipate umeme mkubwa kupitia kilo-omu 100, na sauti itoke hapo kwa nanofaradi 22 ya volti 630 kwenda kwenye nobu ya sauti.

Umeme mkubwa, nimesema. Plagi ukishaitoa, kapasita bado zinaweza kushika volti 250 na zaidi, zimenyamaza tu kama paka jikoni. Zimalize kwa rezista ya kilo-omu 10, wati 5, kisha pima. Kuzigusisha na chasisi kwa bisibisi si dawa.

Halafu zile kapasita za karatasi na nta. Joto la kaskazi na chumvi ya pwani zimeshazimaliza, lakini kila mtu anakwambia "inaimba, usiiguse." Hata mwenye homa huimba! Inayopeleka sauti kwenye pini 2 ya EL84 ikivuja, taa inawaka nyekundu mpaka inakufa, pengine na transfoma ya spika nayo. Pima pini hiyo: sifuri. Volti moja tu ya chanya, kapasita nje. Pini 3 isomeke volti 7 hivi. Na usiwashe kamwe bila spika.

Weka plagi ya pini tatu, waya wa ardhi ufungwe kwa skrubu kwenye chasisi. Sasa ingia nyumba za Mji Mkongwe uone: tundu la tatu ukutani nyumba nyengine lipo kwa urembo, nyuma yake hamna kitu. Nalo pima.

Ukimaliza yote, wati nne na kitu, lile jicho la kijani la kuonyesha stesheni linawaka vizuri, anatoka bibi chumbani anazungusha ile nobu ya stesheni, kulia, kushoto, kulia, anauliza kwa nini leo hawasomi matangazo ya vifo.