Wao Wanakaza Mshipi, Tumbo ni Langu

Nikisikia redioni "serikali inapunguza matumizi", mimi hushika mfuko kwanza. Matumizi ya serikali hayapungui, bwana, yanahama. Yanatoka Nairobi, yanapanda basi la usiku, alfajiri yako Kondele, Kisumu, mlangoni kwangu yanabisha hodi.

Juzi kitinda mimba wetu alichemka usiku kucha. Huku ziwani mtoto akishikwa na joto, hata jirani asiyekuwa na cheti anakwambia ni malaria. Asubuhi tukafika zahanati. Huduma ni bure, imeandikwa ukutani, na si uongo: tangu 2013 zahanati na vituo vya afya vya serikali viliondolewa ada. Sikutozwa hata ndururu. Niliambiwa tu nikanunue daftari la kurasa 32, sista apate pa kuandika. Nikanunua. Kipimo cha malaria kimeisha, vuka barabara kwa kemisti. Nikavuka. Glavu? Kemisti. Dawa yenyewe? Baba, si unaijua njia sasa? Kufikia saa sita nilikuwa nimebeba mizigo kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayeripoti bweni. Kilichobaki ni kuagizwa nije na sista wangu.

Naye simlaumu. Alikuwa peke yake, anachanja watoto huku akimjibu mama mjamzito dirishani. Hata kalamu aliazima yangu, na mpaka leo hajarudisha.

Mzee wangu anasema haya si mageni. Mwaka 1989 wakopeshaji wa nje walipoibana serikali, tuliletewa "kuchangia gharama" hospitalini. Wagonjwa wakapungua ghafla, na sitashangaa kama kuna mkubwa aliyedhani tumepona. Halafu 2001 marais wa Afrika wakakutana Abuja, wakaahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti. Mimi ningekuwa na ahadi kwa mwenye nyumba tangu 2001, saa hii ningekuwa nalala ufukweni Dunga na viboko.

Utaniambia kuna bima. Ipo, ya serikali, inaitwa SHA, tangu Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kabla hajauona. Sisi wa jua kali tunaulizwa kwanza paa ni la nini, ukuta ni wa nini, choo ni cha aina gani, ndipo tuambiwe tuna uwezo kiasi gani. Malipo ya chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini inatakiwa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Huna? Kuna mkopo wa kuilipia polepole. Yaani nidaiwe kabla sijaugua!

Marekani nayo, Januari 2025, ikasimamisha misaada. Huku Nyanza kliniki za dawa za ukimwi ziliiegemea sana. Jirani yangu aliyekuwa akishauri wagonjwa sasa anauza mitumba soko la Kibuye, na bado wateja wake wa zamani wanamfuata pale pale kumuuliza habari za dawa. Anawajibu huku akikunja suruali.

Ugonjwa huu wa kukata umeingia hata nyumbani. Jana mama watoto alinisomea bajeti. Maziwa yameondolewa, chai ni ya rangi. Nyama ni mwisho wa mwezi. Nauli yangu imefutwa, nitembee, eti ni afya. Nikamuuliza chama chake cha akiba kimekatwa kiasi gani.

"Hilo ni fungu la maendeleo," akasema.