Mtu Mmoja, Njaa Mbili

Kila mara mazungumzo kuhusu utawala wa Waingereza nchini India yanapofika kwenye njaa kuu za karne ya 19, hatakosekana mtu wa kusema kwamba mvua haikunyesha, na kwamba hakuna serikali inayoweza kuyaamuru mawingu. Ni kweli, mvua haikunyesha. Hata hivyo, baada ya kuisoma historia hiyo kwa miaka kadhaa nimefikia imani ambayo sioni tena sababu ya kuisema kwa sauti ya chini: ukame uliua mazao, lakini sera ndiyo iliyoua watu. Ushahidi ulionishawishi kuliko mwingine wote unapatikana katika maisha ya kazi ya ofisa mmoja wa kikoloni, Richard Temple, aliyepewa dhamana ya kupambana na njaa mara mbili katika muda usiofika miaka minne, akatenda tofauti kabisa mara hizo mbili.

Mwaka 1873 mvua za monsuni zilikatika mapema katika jimbo la Bihar na sehemu za jirani za Bengal, na mpunga ukakaukia shambani. Serikali haikungoja maiti zionekane barabarani. Chini ya usimamizi wa Temple, ilinunua mchele kutoka Burma, zaidi ya tani 400,000, ikausafirisha kwa meli, kwa treni na hatimaye kwa mikokoteni ya ng'ombe hadi vijijini. Wenye nguvu walipewa kazi za ujira, na wazee, wagonjwa na watoto wakapewa chakula bila masharti makali. Watu waliokufa kwa njaa mwaka ule wa 1874 walikuwa wachache mno, kiasi kwamba njaa yenyewe haikumbukwi na wengi. Mafanikio hayo yangestahili kuwa fahari ya serikali yoyote. Badala yake, Temple alilaumiwa vikali, India na Uingereza, kwa kufuja fedha za umma. Mchele ulibaki baada ya hatari kupita, gharama zikapita pauni milioni 6, na wakubwa wakaona kwamba maisha yale yameokolewa kwa bei ghali.

Lawama ile ilimwingia. Mwaka 1876 mvua zilikosekana katika uwanda wa Deccan na sehemu kubwa ya kusini, na mwezi Januari 1877 Lord Lytton, aliyekuwa mtawala mkuu wa India, akamtuma Temple huyo huyo Madras, jimbo kubwa la kusini, akiwa na agizo la kubana matumizi. Aliwaondoa watu wengi katika orodha za misaada na kupunguza ujira wa waliokuwa wakiponda kokoto na kuchimba mitaro katika kambi za serikali. Mwanamume mzima akawa analipwa kwa siku ratili moja ya nafaka, yaani takriban gramu 450, pamoja na ana moja, sehemu ya 16 ya rupia. Wanawake na watoto walipata chini ya hapo. Daktari W. R. Cornish, ofisa mkuu wa afya wa Madras, alipinga waziwazi na kueleza kwamba kiasi hicho hakiwezi kuutunza mwili wa mtu anayefanya kazi nzito kutwa. Miezi kadhaa baadaye ujira ulipandishwa, lakini kambi zilikuwa zimekwisha kujaa watu ambao miili yao haikuwa tena na uwezo wa kupona. Idadi ya vifo inayotajwa mara nyingi kwa njaa ya 1876 hadi 1878 ni zaidi ya watu milioni 5.

Sitaki kumfanya Temple kuwa jini peke yake, kwa sababu kufanya hivyo kungewapunguzia mzigo waliomtuma. Mtu yule yule aliyeokoa Bihar alikuwa na ujuzi wote uliohitajika kuiokoa Madras. Alijua mchele unanunuliwa wapi na unasafirishwa vipi, na kilichobadilika ni alichoamriwa. Lytton aliamini kwamba serikali haipaswi kuingilia bei ya chakula na kwamba biashara huria ingepeleka nafaka penye uhitaji. Biashara ilipeleka nafaka penye fedha, na mkulima wa Deccan aliyekwisha kuuza ng'ombe wake, jembe lake na bangili za mkewe hakuwa na fedha. Ngano ya India iliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Tarehe 1 Januari 1877, njaa ikiwa imekwisha kutanda kusini, Lytton alisimamia Delhi sherehe za kifahari za kumtangaza Malkia Victoria kuwa Mfalme Mkuu wa India. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hapo mwenye shibe ndiye aliyeshika daftari la hazina.

Daftari hilo lilikuwa na umri wa zaidi ya karne moja. Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyotawala kabla ya serikali yenyewe, ilipata haki ya kukusanya kodi ya Bengal, Bihar na Orissa mwaka 1765, na miaka mitano baadaye Bengal ilikumbwa na njaa ya kutisha. Warren Hastings, aliyeshika uongozi wa Bengal mwaka 1772, aliwaandikia wakurugenzi wa Kampuni mjini London kwamba angalau theluthi moja ya wakazi walikuwa wamekufa, na katika barua hiyo hiyo akaeleza kwamba makusanyo ya kodi ya mwaka 1771 yalizidi hata yale ya 1768, mwaka wa kabla ya janga. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Theluthi moja ya watu hawapo, lakini kodi imepanda, maana waliobaki walilipishwa pia sehemu ya waliokufa.

Mwaka 1793 Lord Cornwallis, mtawala mkuu wa wakati huo, aliweka Bengal mfumo wa kudumu wa kodi ya ardhi ambao uliwatambua mazamindari, yaani mabwana waliokusanya kodi kwa wakulima, kuwa wenye ardhi kwa sharti la kuilipa serikali kiwango kisichobadilika, na shamba la aliyechelewa kulipa hadi jua linapozama siku ya mwisho liliweza kupigwa mnada. Kusini na magharibi mkulima alidaiwa moja kwa moja na serikali. Popote pale kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu na kwa tarehe maalumu, mvua inyeshe isinyeshe, na hilo ndilo lililobadilisha jamii ya vijijini kutoka ndani. Mkulima aliyehitaji fedha kabla ya mavuno alikwenda kwa mkopeshaji, na mkopeshaji sasa alikuwa na mahakama za kikoloni nyuma yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipopandisha bei ya pamba, wakulima wa Deccan walikopeshwa kwa ukarimu. Vita vilipokwisha mwaka 1865 bei ikaanguka, kodi ikapandishwa, na madeni yakabaki. Mwezi Mei 1875, katika wilaya za Poona na Ahmednagar, wanavijiji waliwavamia wakopeshaji, wakadai hati za madeni na kuzichoma moto hadharani. Mwaka uliofuata mvua hazikunyesha. Kwa hiyo ukame wa 1876 uliwakuta watu ambao akiba yao ilikuwa imekwisha kuondoka mikononi mwao kisheria kabisa, kwa muhuri na sahihi.

Watetezi wa utawala huo huleta hoja ya reli, na hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa uzito. Reli ya kwanza ya abiria ilifunguliwa mwaka 1853 kati ya Bombay na Thane, na ni kweli kwamba treni ziliweza kufikisha chakula haraka, kama ilivyoonekana Bihar. Lakini treni hubeba inachopakiwa, na mwaka 1877 reli zilichukua pia nafaka kutoka wilaya zenye njaa kuipeleka kwenye maghala ya wafanyabiashara na bandarini. Mhandisi Arthur Cotton, Mwingereza ambaye hadi leo anaheshimiwa katika delta ya mto Godavari kwa bwawa lililokamilika huko mwaka 1852, alisisitiza kwa miaka mingi kwamba India inahitaji mifereji ya maji kuliko inavyohitaji reli. Reli, hata hivyo, zilikuwa na dhamana ya faida ya asilimia 5 kwa wenye hisa wa Uingereza, dhamana iliyolipwa na mlipakodi wa India.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaigusa historia hii bila kujua. Rupia na ratili zilizotajwa hapo juu zilitumika madukani kwetu pia, na wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kati ya 1896 na 1901 kujenga reli ya Mombasa walitoka katika nchi ambayo ilipigwa na njaa kuu mbili ndani ya miaka hiyo hiyo. Sidai kwamba kila aliyepanda meli alikuwa akiikimbia njaa, lakini naona ni upungufu kufundisha kwamba walikuja bila kufundisha nchi waliyoiacha ilikuwa na hali gani.

Baada ya aibu ya Madras serikali iliunda tume, na kutokana na ripoti yake ya 1880 zikatungwa kanuni za njaa zilizoeleza dalili za hatari na hatua za kuchukuliwa. Zilikuwa kanuni nzuri. Mwaka 1943, Bengal ilipokosa mchele wa Burma iliyotekwa na Wajapani, na baada ya serikali yenyewe kunyang'anya boti za wavuvi na wasafirishaji kwa hofu kwamba adui angezitumia, kanuni hizo hazikutangazwa kutumika hata kidogo, kwa kuwa kuitangaza njaa kungeilazimisha serikali kuwalisha watu wakati vita vikiendelea. Mwezi Agosti gazeti la The Statesman la Calcutta lilichapisha picha za waliokuwa wakifa barabarani, na ndipo dunia ilipoona. Idadi ya waliokufa inakadiriwa kuwa kati ya milioni 2 na milioni 3.

Miaka 20 baada ya uhuru, Bihar ilipata tena ukame mkali. Mazao ya 1966 yaliharibika vibaya, na mwaka 1967 serikali ilitangaza rasmi kuwapo kwa njaa, ikaagiza ngano nyingi kutoka Marekani na kufungua vituo vya kugawa chakula. Kulikuwa na uzembe, kulikuwa na mabishano makali bungeni na magazetini, na watu waliteseka. Lakini vifo havikukaribia hata kidogo vile vya 1943, kwa sababu mwaka huo huo wa 1967 watu wa Bihar walipanga foleni kupiga kura, na chama kilichokuwa kikitawala jimbo hilo kikapoteza madaraka.